Maji kwa Jua: Kutoka Ujiji Hadi Gatete

Sisi watu wa Ujiji hatulijui jua la majini asubuhi. Kwetu linatokea nyuma ya nyumba, upande wa vilima, na ziwa ni mahali linapokwenda kulala. Nilipofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, kijana wa miaka kumi na tisa, nikaliona likipanda kutoka Bahari ya Hindi, nilijiona kama mtu aliyevaa shati nje ndani. Siku tatu nzima nilipotea njia. Nakwenda Kariakoo, najikuta Posta.

Novemba nilikwenda kwa majirani zetu wa kaskazini, pwani ya Burundi, kumtembelea rafiki niliyesoma naye shule ya msingi. Wazazi wake walikimbilia Kigoma mwaka 1972, mwaka ambao damu ilianza kumwagika mwishoni mwa Aprili hukuhuku kusini mwa Burundi, kisha ikamwagika nchi nzima. Yeye alizaliwa kwetu, akacheza mpira kwetu, akatukana kwa Kiha kama sisi. Sasa amerudi kwao, analima michikichi Gatete, nje kidogo ya mji wa Rumonge, na kila mavuno alikuwa akinipigia simu: "Njoo ule mawese ya kweli, hayo ya kwenu yamechakachuliwa." Nilikwenda kwa ajili ya mawese. Nimerudi na habari za jua.

Nyanza-Lac

Ukishapita Manyovu na kuvuka mpaka Mugina, kazi ya kwanza ni kurudisha saa nyuma. Kigoma tunafuata saa ya Dar es Salaam wakati jua letu ni la Bujumbura, ndiyo maana watoto wetu wanatoka kwenda shule gizani. Burundi saa na jua vinakwenda bega kwa bega: saa sita mchana, kivuli kiko chini ya miguu kweli. Na hesabu yetu ya saa, sisi na Warundi, chimbuko lake ni hilohilo. Saa moja ni saa ya kwanza tangu kupambazuka, haihesabiwi tangu usiku wa manane kama wafanyavyo Wazungu. Kila tukitaja saa tunataja jua, ila mazoea yametuziba masikio.

Barabara inateremka kutoka Mabanda kwa mizunguko, na katika mzunguko mmoja ziwa linajitokeza lote, la buluu, na milima ya Kongo imelala ng'ambo. Nyanza-Lac jina lake ni ziwa mara mbili, mara ya kwanza kwa lugha zetu, mara ya pili kwa Kifaransa, kana kwamba aliyeupa mji jina aliogopa hatutaelewa. Nilikula samaki mukeke wa kuchoma, ndizi za kuchemsha na pilipili iliyonitoa machozi mbele ya watu. Shikamoo yangu kwa mama mwenye kibanda ilimfanya acheke. "Huku tunasema amahoro," akaniambia, kisha, kwa kunihurumia, akaitikia: "Haya, marahaba."

Usiku niliketi ufukweni. Mwezi ulikuwa mchanga, ukatua mapema, na taa za wavuvi zikawaka moja baada ya moja mpaka ziwa likafanana na mji. Ndagala, ndio dagaa wetu, huvutwa na mwanga. Taa inawakusanya, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wanapumzika, kwani samaki wametawanyika na hakuna anayeijali taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni balbu za betri, na betri zimejazwa mchana kwa paneli zilizoanikwa juu ya mabati. Kijana mmoja wa apollo, ile mitumbwi iliyounganishwa ubavu kwa ubavu, alinionyesha betri yake akaipiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe. "Hii imekula jua kutwa," alisema. "Sasa inakwenda kulitapika."

Ila jua hilohilo linawapunguzia riziki. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na uhai wake wote uko katika tabaka la juu. Chini hakuna hewa ya samaki kuvuta, kuna mbolea tu iliyotuama. Upepo wa kiangazi ndio unaoikoroga mbolea hiyo ikapanda juu, viumbe vidogo vikala, ndagala akala, mukeke akamla ndagala. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto kiasi kwamba hayachanganyiki tena na ya chini kama zamani, na chakula cha samaki kimepungua. Nilimweleza kijana. Akasema baba yake hakusoma utafiti wowote, lakini amekuwa akisema hivyo tangu yeye hajazaliwa.

Kigwena

Kati ya Nyanza-Lac na Rumonge kuna msitu wa Kigwena, kipande kidogo cha msitu wa tambarare kilichobaki kando ya barabara, mashamba yakiubana pande zote. Niliingia kwa nusu saa. Ndani ni baridi na giza la kijani, na jua linafika chini kwa vipande vipande vya ukubwa wa sahani. Nyani walinitazama kwa dharau. Nikatoka.

Rumonge mjini

Rumonge inanuka mawese. Si harufu mbaya. Ni nzito, ya mafuta yaliyochemshwa, imeingia kwenye nguo, kwenye noti za faranga, kwenye mkate. Mji umejaa Kiswahili na adhana, na mtu wa Ujiji hahitaji kubadilisha chochote isipokuwa kuzoea kusikia "merci" katikati ya sentensi. Kwa miaka kumi, tangu 2015, ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Mipaka imechorwa upya, sasa uko ndani ya Burunga. Wauza ndagala sokoni hawakuonekana kutikiswa na habari hizo.

Livingstone na Stanley walipita mbele ya ufuo huu mwezi kama huu, Novemba 1871, kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakienda kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Wavuvi wangewaambia bila wao kupiga kasia hata moja, na kwa kweli waliwaambia.

Sokoni rafiki yangu alinivuta mkono. "Mtazame yule Muhindi." Mbele ya muuza nyungo alichutama mtu wa makamo, mvi pembeni mwa masikio, shati la kazi lenye madoa ya grisi. Alikuwa akichambua nyungo moja moja, anazigeuza, anazinusa. Alitaka mpya kabisa, ambayo haijapepeta hata punje. Pembeni yake kulikuwa na miwa mitano na majani yake, mkungu wa ndizi, malimau makubwa na tangawizi mbichi yenye majani.

"Bwana, unaoa?" mwenye nyungo alimwuliza.

"Nimeshaoa," akajibu kwa Kiswahili cha Bujumbura, bila kukwama. "Natafuta ungo wa kumpa jua chakula."

Watu walicheka, naye akacheka. Kilichokuwa kikimsumbua ni nazi. Rumonge yote ni mistari ya michikichi, inafanana na minazi kama ndugu wa baba mmoja, ila nazi haizai. Hatimaye alipata moja, kavu, iliyosafiri mbali kuliko hata mimi, kutoka pwani ya bahari, akailipia bila kuomba apunguziwe.

Nikiri jambo. Mimi Wahindu nimewajua tangu utoto kwa methali moja tu, ile ya Baniani mbaya na kiatu chake kilicho dawa. Nimepita mara nyingi mbele ya mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, nikasikia kengele, nikaendelea na safari zangu. Sikuwahi kuuliza. Huyu nilimwuliza.

Ni fundi wa mitambo ya kukamua mawese, mwenyeji wa Bihar, kaskazini mashariki mwa India. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, na wao wana mambo yao ya jua: tarehe 14 Januari wanarusha vishada kulipokea linapogeuza safari kuelekea kaskazini, na huko kwao Modhera kuna hekalu la jua la karne ya 11. Lakini ibada yake yeye, inayoitwa Chhath, ni ya watu wa Bihar na majirani zao. "Wenye maduka Bujumbura wananipa pole," alisema. "Wao Chhath wanaiona kwenye televisheni, kama wewe."

Akatualika. Kesho yake, jioni, ufukweni Gatete, karibu na nyumba zilizomezwa na maji.

Gatete, mchana

Mama wa rafiki yangu alinipokea kwa kunipima mkono kwa vidole viwili. "Mwanangu, Ujiji mmeacha kula?" Basi nikalishwa: ugali wa muhogo, isombe, kisamvu chao, iliyopikwa kwa mawese mpaka majani yakawa meusi, ndagala juu yake. Mawese yenyewe niliyaona yakitengenezwa nyuma ya nyumba ya jirani. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinakamuliwa, na povu linaenguliwa na mwanamke ambaye haangalii anachokifanya kwa sababu mikono inajua. Mafuta yaliyo juu ya pipa ni mekundu, mazito, na yakipoa yanafanya ngozi kama maziwa. Nilipewa kijiko. Rafiki yangu akanikodolea macho mpaka nilipokubali kwamba ya kwetu yamechakachuliwa.

Saa kumi tukateremka ziwani. Nilikuwa nimesikia habari za kujaa kwa ziwa, na Kigoma tumeonja, lakini hapa niliona nyumba. Miaka ya karibuni maji yamepanda yakachukua fukwe, mashamba, vitongoji vya Rumonge, na mitaa ya Bujumbura. Nyumba moja ilikuwa imesimama nusu majini, bila bati wala milango, wenyewe walishang'oa kila kinachong'oka. Baraza yake ya saruji ilikuwa imezama kiasi cha goti. Fundi alikuwa ameifagia. Kufagia baraza iliyo chini ya maji, hilo nilikuwa sijawahi kuliona: alitoa magugu kwa mkono, akasugua utelezi kwa fagio la chelewa.

"Kwetu mito ina ngazi za saruji za kushukia majini, tunaziita ghat," alisema. "Hapa ziwa lenyewe limenijengea."

Sababu nyingine ya kuchagua baraza ni mamba. Pwani hii ndiyo ya Gustave, mamba mkubwa mwenye alama za risasi mwilini, ambaye kila mzee kuanzia Rusizi hadi hapa ana kisa chake na kila mmoja anamuongezea mita. Baraza ina kuta pande mbili. Mzee mmoja mvuvi, kofia ya kiua kichwani, alikubali kukaa kwenye mtumbwi wake mbele ya baraza akiwa na kasia, kulinda. Nadhani alikubali zaidi kwa udadisi.

Gatete, jioni

Anayefunga hasa si fundi. Ni mkewe, aliyeko Bihar. Nadhiri ya Chhath inarithiwa nyumbani, na mama yake fundi, baada ya magoti kumshinda, amemkabidhi mkwewe. Mke anafunga kwa takriban saa thelathini na sita bila chakula wala tone la maji. Anafunga leo mchana kutwa, anasimama mtoni jioni jua likizama, analala na kiu, anarudi mtoni alfajiri, na jua likishatoka ndipo anafungua kwa tangawizi na maji. Hakuna kuhani. Kila mtu anatoa chake mwenyewe kwa mkono wake. Jina maana yake ni sita, siku ya sita ya mwezi mwandamo baada ya Diwali, na hapo nikaelewa ule mwezi mchanga wa Nyanza-Lac: ibada ni ya jua, tarehe inatolewa na mwezi. Mzee mvuvi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hilo alilielewa bila kufafanuliwa.

"Mimi ni msindikizaji tu," fundi alisema. "Leo saa saba na nusu nilikuwa kwenye simu naye. Kwao jua lilikuwa linazama. Hapa lilikuwa utosini kwangu, natoa jasho, namtazama yeye yuko gizani na taa."

Alikuwa amevaa shuka la njano lililopigwa pasi. Kwenye ungo alipanga ndizi, vipande vya muwa, malimau, ile nazi yenye historia, na vitu vya kahawia kama maandazi bapa yenye alama za jani. Hivyo ni thekua, unga wa ngano, sukari guru na samli. Alivikaanga mwenyewe usiku, kwenye jiko jipya la udongo, kwa kuni za mwembe, kwani kwao kuni za ibada hii ni za mwembe. Mimi, mtoto wa Ujiji ya maembe, nilijikuta nafurahi bila sababu.

Wakati wa kungoja alitusimulia kisa cha Karna. Binti wa mfalme alipewa dua ya kumwita mungu yeyote, akataka kuijaribu, akaliita Jua, na Jua likaja. Akapata mtoto kabla ya ndoa. Kwa kuogopa aibu akamtia kwenye kikapu, akamwachia mto. Mtoto akaokotwa na mwendesha magari ya farasi, akakua, akawa shujaa na mfalme wa Anga, nchi ambayo leo ni upande wa mashariki wa Bihar. Kila siku Karna alisimama mtoni akilielekea jua, asijue kwamba anasimama mbele ya baba yake. Na kwa kuwa wakati huo hakumnyima mtu ombi lolote, ndipo alipoendewa na kuombwa ngao aliyozaliwa nayo mwilini. Akaikata, akaitoa. Baadaye akauawa vitani.

"Kikapu mtoni," mzee mvuvi alisema taratibu. "Kama Nabii Musa."

"Labda mto ni mmoja," fundi akajibu.

Saa kumi na mbili kasoro robo jua lilikuwa limeshuka kuelekea milima ya Kongo, kubwa, kingo zake zinatetema kwa mvuke. Akashuka barazani, maji yakamfika magotini. Aliuinua ungo kwa mikono miwili, akazunguka taratibu mahali pamoja, akauweka ukutani. Kisha akachukua chombo cha shaba, chembamba shingoni, akachota maji, akakiinua juu ya kichwa, akakiinamisha. Maji yakaanguka kwa uzi mmoja usiokatika. Nikaona kwamba halitazami jua lenyewe. Analitazama kupitia ule uzi wa maji, na jua ndani ya maji limevunjika kuwa matone mekundu yanayokimbia kwenda chini. Alifanya hivyo mara kadhaa, midomo inacheza bila sauti. Baadaye kidogo maziwa, kutoka kwenye chupa ya soda, yakafanya wingu jeupe kwenye goti lake na kupotea.

"Dunia nzima inalisalimu jua linapochomoza," alisema alipotoka, anakamua shuka. "Sisi tunaanza na linalozama. Mtu akistaafu humsalimii?"

Nilimwuliza mzee mvuvi anaonaje. Alikuwa akitazama maji, si jua. "Sisi jua ni saa yetu," alisema. "Adhuhuri, alasiri, magharibi, zote linatupa lenyewe. Lakini pale hasa linapozama, linapotoka na linapokuwa utosini, tumekatazwa kuswali, asije mtu akadhani tunaliswalia. Tunasubiri lipite." Akanyamaza. "Huyu naye anasubiri hapohapo sisi tunapokwepa."

Fundi alisikia, hakuona ubaya. Kwao, alisema, Surya, yaani Jua, ndiye mungu anayeonekana. Wengine wote unawaamini, huyu unamwona. Halafu adhana ya magharibi ikasikika kutoka juu, mzee akapiga kasia kwenda kutia udhu upande wa pili wa nyumba, nami nikamfuata.

Gatete, alfajiri

Usiku mvua ilinyesha, mvua ya Novemba isiyo na haraka. Saa kumi na moja unusu tulirudi ufukweni, na hapakuwa na anga. Palikuwa na wingu la rangi ya majivu kuanzia vilimani hadi Kongo. Wanawake wa ndagala walikuwa wamekaa chini ya turubai, mikono kidevuni, samaki wa usiku wamefunikwa kwenye beseni. Ndagala asiyepata jua siku ya kwanza ananuka siku ya pili, na bei yake inajulikana.

Fundi, ili ajipashe moto, alianza mazoezi yake ya kila siku kwenye mchanga uliobaki. Haya hata mjini Dar yanajulikana, wanayafanya kwenye vyumba vyenye vioo: Surya Namaskar, salamu ya jua, mikao kumi na miwili inayofuatana. Viganja kifuani, mikono juu na mgongo nyuma, kuinama hadi viganja viguse chini, mguu mmoja nyuma, mwili ubao, kifua chini, kichwa juu kama nyoka, kiuno juu kama mlima, na kurudi njia ileile. Watoto watano walijipanga nyuma yake. Ilionekana si mara yao ya kwanza. Wakahesabu kwa Kirundi, kwa kelele: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Kwenye indwi, yaani saba, mdogo kuliko wote alianguka, akabaki amelala kifudifudi akicheka mpaka cumi.

Mzunguko mmoja una jina moja la jua, naye alituambia baadhi yake huku anahema: Mitra, rafiki, Khaga, aendaye angani, Pushan, mlishaji, Savitri, mchocheaji, Bhaskara, mleta nuru. Niliamini kwamba mazoezi haya ni ya kale kama milima. Kumbe mpangilio huu kama tunavyouona leo ulienezwa hasa katika miaka ya 1920 na mfalme wa Aundh, himaya ndogo ya magharibi mwa India, aliyetaka kila mwanafunzi wake aufanye. Umri wa bibi yangu. Kilicho cha kale ni yale maji, pamoja na sala ya Gayatri inayoelekezwa kwa Savitri huyohuyo, iliyomo katika Rigveda, maneno yaliyotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na bado yanasemwa asubuhi hadi leo. Wanaolipia mazoezi Masaki, Dar es Salaam, wanapewa ya bibi yangu, na ya kale hayauzwi popote. Yanahitaji chombo cha shaba na kuamka mapema.

Fundi akashuka barazani. Ndipo nilipoona jambo ambalo jana halikunijia. Jana alilitazama ziwa. Leo ilimbidi alipe ziwa mgongo, kwa sababu jua la huku, kama la Ujiji, linatoka nchi kavu. Akasimama majini ameelekea ile nyumba iliyokufa, mbele yake mlango usio na mlango, ukumbi wenye maji, na dirisha la nyuma lililofunguka moja kwa moja kwenye michikichi na vilima. Mzee mvuvi akasogeza mtumbwi karibu zaidi. Mtu aliyelipa ziwa la Gustave mgongo anahitaji macho mawili ya ziada.

Tulingoja. Saa kumi na mbili ikapita. Saa kumi na mbili na robo. Wingu juu ya vilima likawa jeupe kidogo mahali pamoja, kisha mahali pengine, huwezi kusema ni wapi. Akauinua ungo. Akazunguka. Akachota, akainua, uzi wa maji ukaanguka mbele ya lile dirisha lenye ukungu.

"Umejuaje kama limetoka?" nilimwuliza, nikiwa nimesimama kwenye tofali, viatu mkononi.

"Mke wangu alipiga simu saa nane na nusu usiku," alisema bila kugeuka. "Kwao lilishatoka, ameshakunywa maji. Haliwezi kupotea njiani."

Baadaye vilivyokuwa kwenye ungo viligawiwa. Ni desturi, kila aliyefika apewe, na kwao hata tajiri hunyoosha mkono kuomba. Watoto walipata ndizi na muwa, na vita vidogo. Mzee mvuvi alishukuru kwa adabu, akaomba kipande cha muwa kile kilichobaki pembeni, ambacho hakikuingia kwenye ungo. Fundi akamchagulia kirefu. Mimi nilichukua thekua mbili, nikazifunga kwenye karatasi, nikatia mfukoni. Sikuzila mbele yake, naye hakuuliza.

Saa tatu wingu lilichanika. Wanawake walikuwa wameshasimama kabla sijaona chochote, beseni kichwani, wakamwaga ndagala juu ya nyavu zilizotandazwa, wakawasambaza kwa viganja, haraka, kama mtu anayepangusa meza. Ufuo mzima ukawa wa fedha. Fundi alipita na pikipiki, shati la grisi mwilini, anakwenda kwenye mtambo uliokuwa umegoma tangu jana. Akapiga honi mara mbili.

Nyumbani Ujiji nilimpa mama yangu zile thekua. Alizigeuza, akaligusa lile jani lililochorwa, akanusa moshi wa mwembe, akauliza ni za sherehe gani. Nikamweleza kwa kirefu, Karna na kikapu chake, mke aliyeko Bihar, maji ya kupewa jua. Alisikiliza huku akichovya moja kwenye chai, kwa sababu meno yamebaki machache.

"Haina chumvi," alisema. Akachovya ya pili.